Zamu ya warushaji inapoyumba mwanzoni mwa msimu: dalili, visababishi na la kufanya

Mvua zikishakatika mwishoni mwa Aprili na uwanja ukakauka, kocha wa besiboli hapa Dodoma anaanza kupata shida ileile kwa sura tofauti. Mrushaji tegemeo anaishiwa nguvu awamu ya tatu, kati ya vipindi saba vya mechi. Wa pili analalamikia bega. Wa tatu hajaguswa tangu msimu uanze. Mechi ya Jumamosi inaahirishwa, ya Jumatano iko palepale, na kocha anawageukia vijana waliojipanga kivulini na kuuliza: "Nani mkono wake uko vizuri leo?"

Watanyoosha mikono wote. Hakuna kijana wa miaka 16 atakayekubali kukaa benchi kwa hiari, kwa hiyo kocha aliyefika hapo pa kuuliza ameshachelewa. Jibu lilitakiwa liwepo tangu juzi, kwenye maandishi.

Naandika haya kwa walimu na makocha wa timu za sekondari na za mtaani zenye warushaji watatu au wanne. Ligi ya kulipwa ya Marekani inazungusha warushaji watano wa kuanza, na Japani wanazungusha sita ili kila mmoja arushe mara moja kwa wiki. Sisi hatuna watu hao. Ndiyo maana makosa yetu ya zamu yanaishia kwenye kiwiko cha mtoto mmoja yuleyule. Msimamo wangu nautanguliza ili usomaji uwe rahisi: mwezi wa kwanza wa msimu, zamu ipo ili kujenga mikono. Mechi za mwezi huo tunazishinda au tunazipoteza ndani ya mipaka ya kazi hiyo.

Kabla ya dalili yoyote, daftari

Mpe mchezaji wa akiba kalamu. Kila mrusho mstari mmoja, wa tano unakatiza minne. Fauli (mpira uliopigwa ukatoka nje ya mistari) inahesabiwa, mpira uliopigwa unahesabiwa, uliomponyoka mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea, unahesabiwa. Mirusho ya kupasha mwili iandikwe pembeni, peke yake. Jioni ileile kila jina liingie daftarini likiwa na tarehe, idadi, na siku ambayo kijana huyo anaruhusiwa kurusha tena. Hiyo siku ya kurudi ndiyo makocha wengi hawaiandiki, na ndiyo yenye kazi.

Vipimo ninavyofuata ni vya Pitch Smart, mwongozo uliotolewa mwaka 2014 na ligi kuu ya Marekani pamoja na chama cha besiboli cha nchi hiyo. Kijana wa miaka 13 hadi 16 asizidishe mirusho 95 kwa siku. Wa miaka 17 na 18 asizidishe 105. Kwa miaka 15 na 16, mirusho 1 hadi 30 haihitaji siku ya kupumzika, 31 hadi 45 inahitaji siku 1, 46 hadi 60 siku 2, 61 hadi 75 siku 3, na kuanzia 76 siku 4. Kwa wa miaka 13 na 14 ngazi ziko chini zaidi: akivuka 20 tu tayari ana siku 1, akivuka 65 ana siku 4. Bandika namba hizo kwenye jalada la daftari.

Idadi hizo ni za mkono uliokwisha kujengwa. Mwezi wa kwanza hakuna kijana aliyefika huko.

Anaanza vizuri, awamu ya tatu mipira inapanda

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na ina visababishi vinne vinavyofanana kwa nje.

Mwangalie mdakaji kabla hujamwangalia mrushaji. Awamu ya kwanza glovu yake inatulia pale alipoiweka. Ya tatu anaanza kunyanyuka, anadaka mipira usawa wa kifua, kisha usawa wa bega. Halafu geukia tuta, ule mwinuko wa udongo anaporushia mrushaji. Kiwiko cha mrushaji, ambacho mwanzo kilikuwa sawa na bega, kimeshuka. Anavuta muda kati ya mrusho na mrusho: anazunguka tuta, anafunga upya kamba za viatu, anashika kofia. Kijana hajakwambia kitu, na hatakwambia. Mwili umeshasema.

Kisababishi cha kwanza cha kuchunguza ni daftari la wiki sita zilizopita. Kama mazoezini alikuwa akirusha mirusho 30 kwa nusu ya nguvu, basi mechi ya kwanza mkono wake una mirusho 30 hadi 35, hata awe na kipaji gani. Panda ngazi taratibu: mechi ya kwanza 35, ya pili 45 au 50, ya tatu 60, ya nne 75. Kila ngazi inafuatwa na siku zake za kupumzika, na ngazi haipandwi kama ile ya chini ilimalizika kwa kiwiko kuning'inia. Akirudia ngazi moja mara mbili hakuna aibu yoyote.

Kisababishi cha pili ni awamu ndefu. Mirusho 45 katika awamu tatu, yenye mapumziko ya kukaa benchi katikati, ni kazi moja. Mirusho 45 katika awamu moja na nusu ni kazi nyingine kabisa. Mwanzoni mwa msimu walinzi nao hawajakaa sawa: mpira wa chini unapita katikati ya miguu, mtupo wa besi ya kwanza unakwenda nje, na awamu iliyotakiwa kuisha kwa mirusho 12 inafika 30. Kwenye timu yangu, akifikisha mirusho 30 ndani ya awamu moja anatoka, hata kama kosa ni la walinzi wote na yeye alirusha vizuri. Anatoka bila kulaumiwa, na nahakikisha wenzake wamesikia kwa nini.

Cha tatu ni tumbo na maji. Mechi inaanza saa tatu asubuhi, kijana wa bweni amekunywa uji saa kumi na mbili na nusu, na wa kutwa huenda hajala kabisa. Hewa ya Dodoma ni kavu; jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo kijana anadhani hajapoteza maji. Nguo yake ikionyesha chumvi nyeupe mgongoni, amepoteza mengi. Viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha saa moja na nusu, na maji kila anaporudi benchi, kiu iwepo isiwepo.

Cha nne ni miguu. Mrushaji anasukuma kwa mguu wa nyuma. Miguu ikichoka, mkono unajaribu kufanya kazi ya wote wawili. Ukiona hatua yake ya mbele imefupika, tatizo liko huko. Hili linarekebishwa kwa mbio za wiki nzima, halirekebishwi siku ya mechi.

Amepumzika siku zote zilizoandikwa, mkono bado mzito

Hapa daftari linasema kijana yuko tayari na kijana mwenyewe anasema hayuko tayari. Mwamini kijana, kisha tafuta kazi ambayo daftari halikuiona.

Mkoa huu una kazi moja ambayo mwongozo wa Marekani haukuiwazia. Mwanzo wa msimu wetu unagongana na kukomaa kwa uwele na mtama, na ndege wanashuka kwa makundi punje zikiwa bado na maziwa. Watoto wanaitwa nyumbani kuamia. Nilikuwa na kijana ambaye kwao ni Chamwino, mrefu, mkono mzuri sana, aliyerusha mirusho 38 Alhamisi na kutakiwa kurudi Jumatatu. Jumatatu alipofika, hata shikamoo yake ilikuwa ya uchovu. Nikamwambia apashe mwili. Mpira wa kumi ukafia njiani, mbele ya mdakaji. "Mwalimu, nilikuwa dunguni." Jumamosi na Jumapili, kuanzia ndege wanapoamka hadi jua kali, halafu tena jioni, alikuwa akizungusha kombeo na kufyatua madonge ya udongo juu ya shamba. Mkono uleule wa kulia, bega lilelile, mamia ya mara, bila mtu wa kuhesabu. Kwenye daftari langu siku hizo mbili zilikuwa tupu.

Huwezi kumwambia mzazi aache ndege wale chakula cha mwaka. Unachoweza ni kuuliza mapema: nani ana shamba, nani anaitwa nyumbani mwisho wa wiki, ndege wameanza lini. Kijana anayeamia Jumamosi na Jumapili hapewi mechi ya Jumatatu wala Jumanne. Mpange Alhamisi au Ijumaa hadi mavuno yapite, na zungumza na mzazi kama siku za kuelekea mechi anaweza kufukuza ndege kwa kugonga debe badala ya kuzungusha kombeo.

Kazi nyingine zilizojificha ziko shuleni kwetu wenyewe. Wakati wa maandalizi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, kijana mwenye mkono mzuri anatafutwa na kila mwalimu: wa mkuki anamtaka, wa mpira wa mikono anamtaka, wa wavu anamtaka. Mkuki ndio ninaouogopa zaidi, maana mwendo wa bega na kiwiko unakaribiana mno na wa kurusha. Kaeni walimu wa michezo pamoja kabla ya Mei, kila kijana awe na daftari moja linalobeba michezo yake yote.

Halafu kuna udakaji. Timu ndogo ina mazoea ya kumtoa mrushaji kwenye tuta na kumpa glovu ya mdakaji kwa sababu ndiye mwenye mkono. Mdakaji anarudisha mpira kwa mrushaji kila mara, na katikati anatupa besi ya pili kwa nguvu zote. Mwongozo ule unakataza mtu kuwa mrushaji na mdakaji kwenye mechi moja, na mimi sijaona sababu ya kuuvunja hata mara moja. Akitoka kwenye tuta mpeleke besi ya kwanza, ambako mitupo ni michache.

Anasema anaumwa

Uchovu wa misuli unaenea. Kijana akiulizwa unauma wapi anapangusa eneo zima kwa kiganja, nyuma ya bega au juu ya mkono. Unaonekana kesho yake, unalegea akisogea, na siku ya pili au ya tatu umekwisha. Huyo anafuata ratiba yake ya kupumzika.

Maumivu ya hatari yanaonyeshwa kwa kidole kimoja. Upande wa ndani wa kiwiko, ule unaogusa mbavu mkono ukiwa umening'inia. Au juu kabisa ya bega. Yanakuja wakati wa kurusha, si kesho yake. Mwombe anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu: kiwiko kimoja kikikataa kunyooka kama mwenzake, ameumia. Muulize kuhusu ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete. Mshipa wa fahamu wa vidole hivyo unapita upande huohuo wa kiwiko. Dalili yoyote kati ya hizi ikiwepo, siku hiyo harushi tena, wala hatupi mpira kutoka nafasi nyingine uwanjani, na anapelekwa hospitali akapimwe na kupigwa picha.

Kwa kijana ambaye bado anarefuka, sehemu ya mfupa inayokua pale kiwikoni ni dhaifu kuliko kano inayoshikamana nayo, kwa hiyo mfupa huanza kuvutwa kabla kano haijachanika. Kwa mkubwa ni kano yenyewe inayokatika. Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, alifanyiwa upasuaji wa kano hiyo na daktari Frank Jobe Septemba 1974, akarudi uwanjani 1976 na kushinda mechi nyingine 164. Vijana wanaisikia hadithi hiyo na kudhani kiwiko kinatengenezwa tu. Waambie pia kwamba alikaa msimu mzima wa 1975 bila kucheza, na kwamba alikuwa na timu ya kulipwa nyuma yake.

Jambo ambalo silivumilii ni vidonge kabla ya mechi. Diklofenaki inapatikana kila duka la dawa, dawa ya kuchua iko kwenye kila begi la michezo, na kijana anayetaka kucheza atameza, atajichua, aje amenyamaza. Kidonge kinaondoa ile sauti pekee ambayo ingemzuia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006, uliolinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na wale ambao hawakuumia, ulikuta kwamba waliokuwa wakirusha mara kwa mara mkono ukiwa umechoka walikuwa katika hatari mara 36 zaidi ya kufika kwenye upasuaji. Nawasomea vijana namba hiyo mwanzoni mwa kila msimu, na nawaambia wazi: anayesema "nimechoka" hapotezi namba yake kwenye timu, anayeficha ndiye anayeipoteza.

Wa kuanza wanatoka mapema, wa akiba wanateketea

Ukimpa mwanzishaji kikomo cha mirusho 45, na vijana wengi hutumia mirusho 15 hivi kwa awamu, umepata awamu 3. Mechi ina awamu 7. Nne zilizobaki zinaangukia kwa yule mmoja mwenye moyo, anayeingia kila mechi "kuzima moto". Baada ya wiki mbili umewalinda wa kuanza na kumchoma yeye.

Dawa yake ni kuwapanga wa kuanza wawili kwa mechi moja. Wa kwanza anarusha awamu tatu, wa pili anachukua tatu zinazofuata, na mtu wa akiba anamalizia moja. Mechi inayofuata ni jozi ya pili. Zamu ikirudi kwa jozi ya kwanza, aliyeingia wa pili ndiye anayeanza. Kwa namna hiyo timu yenye warushaji wanne inawajenga wote wanne kwa pamoja, na yule wa tatu ambaye hajaguswa tangu msimu uanze anapata mirusho yake.

Mambo mawili yanaifanya jozi ifanye kazi. La kwanza, wa pili ajue tangu jana yake kwamba awamu ya nne ni yake. Apashe mwili kwa utulivu timu yake ikiwa inapiga awamu ya tatu, badala ya kuitwa kwa mkono na kukimbia akiwa baridi. La pili, wasifanane. Mwenye kasi afuatwe na mwenye mpira wa polepole. Wa mkono wa kulia afuatwe na mwenye mashoto. Wapigaji waliokwisha kuzoea mwendo mmoja wanaanza upya.

Wakifika ngazi ya mirusho 60 hadi 75 wote, vunja jozi na uanze zamu ya kawaida.

Mechi imeahirishwa, zamu imevurugika

Kosa ni kufuata mpangilio wa majina badala ya siku. Chukua kijana wa miaka 16 na mechi za Jumamosi na Jumatano. Akirusha 75 Jumamosi, anapumzika Jumapili, Jumatatu na Jumanne, na Jumatano yupo. Akirusha 76, Jumatano hayupo. Mrusho mmoja. Kwa hiyo kocha anayejua kwamba anamhitaji Jumatano anamtoa akiwa na 70, kwa sababu mpigaji mmoja mkaidi anaweza kumla mirusho minane.

Sasa mechi ya Jumamosi ihamie Jumapili. Akiwa na 75 ya Jumapili hayupo Jumatano. Ili awepo ni lazima aishie 60. Hilo huamuliwa Jumamosi jioni kwa kalamu, kwa kuwa Jumapili awamu ya tano, mkiwa mbele kwa mkimbio mmoja, yaani alama moja, hakuna kocha anayefikiri vizuri.

Kuna upande wa pili ambao haujadiliwi sana: mrushaji aliyekaa muda mrefu mno. Mechi mbili zikiahirishwa mfululizo, yule wa zamu anakaa siku kumi bila kupanda tuta na anarudi akiwatembeza wapigaji, yaani anarusha nje ya shabaha hadi wanapewa besi ya kwanza bure. Katikati ya wiki arushe mirusho 25 hadi 30 kwa mdakaji, kutoka kwenye tuta halisi, na iandikwe.

Mashindano ya siku mbili au tatu Dar es Salaam

Besiboli ya Tanzania ililelewa kwa msaada wa Wajapani, na mashindano yetu makubwa yamebeba jina la Koshien, uwanja ambako vijana wa sekondari wa Japani wanamaliza ubishi wao kila mwaka. Tumerithi nidhamu nzuri kutoka kwao, kuinama kabla ya kuingia uwanjani na kupanga viatu. Pamoja nayo imekuja simulizi ya mrushaji mmoja anayebeba shule nzima mgongoni. Agosti 1998 Daisuke Matsuzaka alirusha mirusho 250 katika mechi moja ya awamu 17. Mwaka 2013 Tomohiro Anraku, akiwa na miaka 16, alirusha 772 katika mashindano mamoja ya majira ya kuchipua. Wajapani wenyewe walishtuka, na tangu 2020 sekondari zao zina kikomo cha mirusho 500 kwa wiki. Kwa vijana wetu wasio na mdakaji wa kudumu wala mtaalamu wa viungo, 500 bado ni nyingi mno. Ninabaki na zile siku za kupumzika.

Panga mashindano kuanzia mechi ya mwisho kurudi nyuma. Kama una mechi mbili siku ya kwanza na moja ya pili, amua nani lazima abaki chini ya mirusho 30 siku ya kwanza ili awe huru kesho yake. Huyo si lazima awe bora kuliko wote. Awe yule anayerusha straiki, mpira unaopita ndani ya eneo la kupigwa mbele ya mpigaji. Na mkifika fainali bila mtu mwenye siku halali za kupumzika, anarusha aliyebaki, hata kama ni mlinzi wa besi ya tatu. Nimewahi kuyasikia maneno ya wazazi baada ya uamuzi wa namna hiyo, na ningeufanya tena kesho.

Mpira wa kupinda haupindi, au ukifika Dar unazama ardhini

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Mpira unaozunguka unapinda kwa kusukumana na hewa. Hewa ikipungua, mpindo unapungua. Kijana aliyezoea kulenga goti hapa, akishuka Dar mpira uleule unagonga chini kabla ya kufika. Akirudi Dodoma unakaa katikati ya eneo la straiki na kupigwa.

Hatari ni pale kijana anapojaribu kuulazimisha upinde kwa kuusokota zaidi kwa kiwiko. Mwambie abadilishe shabaha, si mkono. Siku ya kufika Dar apewe mipira michache ya kupinda kwa mdakaji, aone inakoishia, na iandikwe kama mirusho mingine. Kwa wadogo ninapendelea mpira wa kupunguza kasi, ambao unategemea tofauti ya mwendo na hautegemei hewa ya mahali.

Vidole kuteleza nako ni tatizo la kiangazi chetu: ngozi ya mpira imekauka, mkono umekauka, vumbi limefunika vyote. Kitambaa chenye unyevunyevu mfukoni mwa suruali ya nyuma, cha mkono tu, kinatosha. Na asubuhi za Juni, upepo ukiwa unakata, muda wa kupasha mwili uongezeke mara mbili na kijana avae sweta hadi dakika ya mwisho.

Alirusha straiki mazoezini, kwenye mechi hajui mpira uende wapi

Kabla ya kumgusa kijana, nenda kasimame kwenye tuta. Mazoezi yetu mengi hufanyika sehemu tambarare nyuma ya madarasa, na mechi huchezwa kwenye tuta. Kipimo cha kimataifa ni sentimita 25.4 juu ya usawa wa uwanja na mita 18.44 hadi besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji. Mwili uliojifunza kwenye tambarare unashuka kwenye mteremko na kuachia mpira mapema. Mpira unaruka juu. Kama uwanja wenu una tuta moja tu, kila mrushaji wa zamu alipande angalau mara moja kabla ya mechi yake, jioni, baada ya wenzake kuondoka.

Kisha angalia shimo pale mguu wa mbele unapotua. Udongo wa Dodoma una mchanga mwingi, haushiki. Kufikia awamu ya pili kuna shimo la kuzamisha kiatu, na mrushaji wa timu pinzani mwenye hatua fupi amechimba lake mahali pengine, kwa hiyo kijana wako anatua kwenye ukingo na kifundo kinapinda. Akianza kukwepa shimo kwa kufungua mguu kuelekea besi ya kwanza, bega linafunguka mapema na kiwiko kinaburutwa nyuma yake. Utaona straiki zimepotea. Kesho yake utasikia kuhusu kiwiko.

Udongo wa kichuguu ndio unaoshika. Bomoa donge, ponda, chekecha kwa chekeche la mchanga, changanya na maji kidogo hadi ushikamane ukiukamata, jaza shimo na ushindilie kwa kipande cha gogo. Unahitaji usiku mzima kukauka, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa jioni baada ya mechi, wala haingoji asubuhi ya mechi inayofuata. Weka ndoo mbili zilizokwisha chekechwa stoo ya michezo, zimefunikwa, pamoja na daftari.